Chokaa ya Kuanika

Ulikuwepo, na uligeuza uso. Ulikuwa umesimama pale Micheweni, kaskazini mwa Pemba, na soda mkononi, ukaona mizani inatundikwa kwenye boriti ya banda, ukaona wanawake wanane waliojaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ukaona mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi anawatajia namba. Ukatoa simu ukajitia kusoma. Simu yenyewe ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Wewe ulikuwa unasoma kioo cheusi, na namba zilikuwa zinasomwa kwa sauti hatua sita kutoka ulipo.

Basi sasa utasimuliwa ulichokataa kukitazama. Utasimuliwa kwa kilo na gramu, maana wizi wa siku hizi haupandi dirishani. Wizi huo hupiga hodi, huamkia wakubwa, hukaribishwa chai, halafu hutoa hesabu.

Mwenye shati aliitwa Abdulnasir, mzaliwa wa Wete, mtu wa miaka thelathini na minane. Kadi yake ilisema ni Mshauri. Haikusema wa nini, na hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa kadi ilikuwa na nembo ya dhahabu. Kazi aliyoishi nayo miaka mingi ilikuwa kuzimua. Alinunua lita moja ya sabuni nzito ya maji, ile ambayo katika kila sehemu mia, ishirini ni sabuni, akaitia maji mpaka ikafika lita nne. Ukolezi ulishuka kutoka ishirini kwa mia hadi tano kwa mia. Sabuni iliyokuwemo haikuongezeka hata povu moja. Kilichoongezeka ni chupa. Mabibi wa Mtambile walipolalamika kwamba sahani zinatoka na mafuta yake, aliwaambia kwa upole kwamba sabuni hiyo ni ya kisasa na haipendi fujo. Aliendelea na biashara hiyo mpaka Mtambile walipoanza kumrudishia chupa zake, tena kwa kumtupia.

Ndivyo alivyojikuta Chake Chake, mwezi wa Oktoba, katika duka la vifaa vya ujenzi, akiulizia ajira kwa mwenye duka huku akijitia kuchagua bawaba. Mbele yake mwanamke aliyevaa kofia ngumu ya manjano alikuwa anagombana.

"Saruji mnayo mpaka mlangoni," alisema mwanamke. "Mimi nataka chokaa."

"Dada, chokaa ni mambo ya mabibi zetu."

"Na lile jumba la mawe linalogeuzwa maktaba lilijengwa na nani? Wajukuu? Nikilipaka saruji kuta zitaoza kwa ndani. Nataka chokaa ya tanuu, iliyozimwa, kavu, ya unga. Nalipa kwa kilo."

Huyo alikuwa Injinia Suzana, mtu wa bara, msimamizi wa ukarabati. Abdulnasir aliiweka bawaba chini. Maneno mawili yalikuwa yamemgonga kifuani: *iliyozimwa*, na *kwa kilo*.

Hapa lazima isemwe jambo moja kwa heshima yake. Abdulnasir aliacha skuli kidato cha tatu, lakini alihudhuria somo moja la maana. Siku hiyo mwalimu wa kemia aliandika ubaoni mistari mitatu. Wa kwanza: mawe ya chokaa gramu mia, yakichomwa, hutoa chokaa ya moto gramu hamsini na sita, na gesi gramu arobaini na nne. Wa pili: hizo hamsini na sita zikizimwa kwa maji, hunyonya gramu kumi na nane za maji, zikawa sabini na nne za unga mkavu. Maji yenyewe huyaoni wala huyashiki. Yameingia ndani ya unga yakawa unga. Mwalimu akaeleza kwamba vitu haviungani kwa kupendana, huungana kwa idadi, moli kwa moli, na ukijua uzito wa moli moja unaweza kujua kila kitakachotoka kabla hujawasha moto.

Abdulnasir akanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo arobaini na nne zinakwenda wapi?"

"Hewani."

"Na hizo kumi na nane zinatoka wapi?"

"Kwenye maji."

"Mnunuzi anazilipia?"

Alitolewa nje. Mstari wa tatu hakuuona.

"Injinia," alisema sasa, akimpa Suzana kadi yenye nembo, "unataka kilo ngapi?"

"Kwanza mia saba hivi, nizipime. Zikiwa safi, mwezi wa tatu nitachukua tani mbili."

"Zitakuwa safi kama nia yangu."

"Nitazipima hivyo hivyo," alisema Suzana.

---

Micheweni ni nchi ya mawe. Jembe likipigwa chini hutoa cheche. Maji ya visimani ni ya chumvi, na binti wa Micheweni huijua njia ya kisima chenye maji matamu kabla hajaijua alifu. Kwa hiyo kikundi cha Bi Kazija kilikuwa kimejenga birika la kukingia maji ya mvua. Walilichonga kwenye mwamba kwa miaka miwili, wakasimamisha nguzo na kenchi za paa juu yake, wakaishiwa. Pakavu pakabaki pakavu. Palitakiwa bati arobaini, zipigwe kabla ya masika. Zisipopigwa, mvua ya mwaka mzima ingepita juu ya shimo lao ikaingia ardhini, na mabinti wangeendelea kuamka na ndoo wakati wenzao wanaamka na madaftari.

Walichokuwa nacho ni mawe, na ujuzi wa kuyachoma. Chokaa yao waliizoea kuizima wenyewe na kuiuza kwa pishi. Abdulnasir alifika na mizani ya kidijitali.

"Asalaam aleikum, mama zangu. Shikamooni."

"Marahaba, baba. Karibu vumbi," alisema Bi Kazija. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi ya usafi katika skuli ya sekondari kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafishwa kwa barua ya mistari miwili.

"Nasikia mnataka bati."

"Nani kakwambia?"

"Kenchi zenu zinaonekana kutoka Konde, mama. Zinalia." Akatundika mizani. "Pishi ni ujinga wa zamani. Pishi moja limejaa, jengine limepigwa kibao, la tatu limebonyea. Mizani haina jamaa. Mimi nawapa bati moja kwa kila kilo hamsini."

Laila, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote, akasema, "Kaka, mbona mizani yako mpya na kandambili zako zimeshonwa?"

"Mshauri hutumia fedha kwenye kazi, dada. Sasa sharti ni moja. Injinia hataki chokaa iliyotiwa maji. Maji yanaiozesha. Mtaniuzia ile ile inayotoka motoni, mabonge kwa mabonge."

"Haijawahi kuoza," alisema Bi Kazija.

"Wamepima kwa mashine, mama. Ulaya."

Neno hilo la mwisho limefanya kazi kubwa visiwani humu, na halijalipwa mshahara hata siku moja. Wanawake wakawasha tanuu. Walichoma tani moja ya mawe, siku tatu mchana na usiku, minazi mitano ya kuni. Yalipopoa, Abdulnasir akapima mabonge mepesi kama maandazi. Kilo mia tano hamsini na sita. Akasoma kwa sauti. Hapo ndipo wewe ulipokuwa unasoma kioo chako. Akatoa bati kumi na moja.

"Kumi na moja?" alisema Laila. "Jiwe la tani nzima?"

"Moto umekula, dada. Mgombezeni moto."

Aliondoka na lori la kukodi akiwa na furaha kamili, na furaha hiyo ilidumu mpaka Konde, ambako manyunyu yalianza. Kila mtu mzima anajua chokaa ya moto ikikutana na maji inafanya nini. Dereva alikuwa wa ajira mpya. Aliona mvuke kwenye kioo, akadhani ni injini. Akaona magunia yanageuka kahawia, akadhani ni macho. Gunia la kwanza liliposhika moto akaruka, na kiatu kimoja kikabaki kwenye pedeli. Abdulnasir aliokoa mzigo kwa turubai na dua. Akaumalizia kuuzima ghalani kwake Wete, kwa maji ya kisima cha jirani, akaanika, akapima. Mia saba thelathini na tano. Karibu kilo mia na themanini za maji ya jirani zilikuwa zimegeuka kuwa bidhaa.

Injinia Suzana alichukua kidogo akaenda kukipima kwa chupa zake, akarudi akasema ni safi. Abdulnasir hakutazama upimaji huo. Alikuwa nje, anabishana na dereva juu ya kiatu.

---

Kwa hiyo alirudi Micheweni mwezi wa Novemba na tatizo moja: hakuna dereva wa kaskazini aliyekubali tena kubeba chokaa ya moto. Habari za kiatu zilikuwa zimefika Kojani.

"Safari hii mtaizima wenyewe," aliwaambia.

"Ala!" alisema Laila. "Haiozi tena?"

"Wamepima upya."

"Ulaya?"

"Ulaya hiyo hiyo. Lakini mama zangu, mimi maji siyanunui. Katika kila kilo sabini na nne za chokaa iliyozimwa, kumi na nane ni maji. Haki ni haki. Kwa hiyo bati moja haiwi tena kwa kilo hamsini. Ni kwa kilo sitini na sita."

Bi Kazija alifumba macho kidogo, kama mtu anayekumbuka jina. "Na ushei," alisema.

"Nini, mama?"

"Sitini na sita na ushei kidogo. Lakini haya, ushei tunakuachia."

Mtu mwenye akili angekusanya mizani yake hapo hapo akapanda gari. Abdulnasir alishukuru kwa ushei.

"Tutachoma tani mbili," aliendelea Bi Kazija. "Tutaizima. Lori lako linakuja lini?"

"Mwanzo wa mwezi wa tatu."

"Basi miezi yote hiyo tutailaza shimoni, chini ya maji, kama walivyofanya wazee."

Abdulnasir aliruka kama aliyekalia siafu. "Maji? Maji tena? Nije kupima tope? La, la, la. Mtaianika."

"Tuianike?"

"Mama, wewe Mpemba au mgeni? Karafuu mnaziuza mbichi?"

Na hapa tusimame, kwa sababu hakuna mtu wa kisiwa hiki asiyekuwa na babu aliyesimama mbele ya mnunuzi na gunia lake. Mnunuzi anatia mkono, anavunja kikonyo, anatikisa kichwa: mbichi hizi, baba, zina maji, rudi ukaanike. Babu anarudi na gunia kichwani. Anaanika. Akirudi gunia ni jepesi, bei ni ile ile, na mnunuzi anampa mkono wa heri. Babu yake Abdulnasir alirudishwa mara tatu msimu mmoja. Mjukuu alikuwa ameshika ncha ya kanzu yake, akajifunza. Wako waliojifunza kutoka hapo kwamba dhuluma ni mbaya. Abdulnasir alijifunza kwamba anayesema "anika" ndiye anayeshinda. Kinachokauka hupungua, na kinachopungua ni faida ya mwenye mizani. Somo hilo Pemba nzima inalo damuni, na halijawahi kumwangusha mtu, mradi awe ananunua karafuu.

"Kitu kikianikwa kinakuwaje, Bi Kazija?"

"Karafuu hupungua uzito."

"Basi!"

"Nimesema karafuu, baba."

"Na mwani?"

"Na mwani hupungua."

"Na dagaa?"

"Na dagaa."

"Sasa chokaa ina nasaba gani?"

"Sisi tunafuata unavyosema wewe," alisema Bi Kazija. "Ila tuandikiane. Isije siku ya lori ukasema tumekosea."

Wakaandikiana, mbele ya sheha wa kijiji. Abdulnasir alitoa masharti kwa kinywa chake mwenyewe na Laila akayaandika kwa hati nzuri. Chokaa itatandazwa juu ya majamvi chini ya banda la mwani, nyembamba kama karafuu. Itapepetwa hewani na kugeuzwa kila siku asubuhi. Itaanikwa kwa muda usiopungua miezi mitatu. Uzito ni ule utakaosomwa siku ya lori, kwenye mizani ya mnunuzi, na bati zitatolewa papo hapo.

"Ongeza," alisema Abdulnasir, "*mpaka hewa iingie kila punje*."

Laila aliongeza. Alikuwa anauma ncha ya kanga yake.

Mwezi wa Januari alipita kukagua. Banda zima lilikuwa jeupe. Wanawake walikuwa wanageuza unga kwa miguu, polepole, kwa ule mwendo wanaoujua wenye karafuu. Akapiga picha mbili za kumbukumbu. Akachota unga akausugua vidoleni.

"Inakauka?"

"Inabadilika," alisema Bi Kazija.

"Mashallah. Endeleeni."

---

Siku ya lori, Abdulnasir alikuwa ameshapiga hesabu yake. Tani mbili za mawe hutoa chokaa ya moto kilo elfu moja mia moja na ishirini. Ikizimwa, elfu moja mia nne na themanini. Ikianikwa miezi mitatu unusu, alikadiria, elfu moja na mia tatu, na kama Mungu akipenda, elfu moja na mia mbili. Bati ishirini zingemtosha. Alikuja na ishirini na tisa, zote alizokuwa nazo, kwa fahari ya kurudi na zilizobaki mbele ya macho yao.

Gunia la kwanza likatundikwa. La pili. La kumi. Alipofika elfu moja mia nne na themanini akatazama nyuma. Mstari wa magunia yaliyobaki ulikuwa bado una urefu wa nyumba. Akapiga mizani kofi. Akaipima ndoo ya maji ya lita kumi, ikasoma kumi. Akafungua gunia akachimba mpaka kwapani akitafuta mchanga. Hakuna mchanga. Akaonja. Unga mweupe, mkavu, laini, hauna hata chenga.

Jumla ilikuwa elfu moja mia tisa na sabini.

"Bi Kazija, hii imezidi."

"Mizani ya nani, baba?"

"Yangu."

"Unga una mchanga?"

"Hauna."

"Una maji?"

"Umekauka kuliko mimi."

"Basi labda ni baraka," alisema Bi Kazija, na uso wake haukuonesha kitu.

Abdulnasir alisimama. Kichwani mwake sauti mbili zilikuwa zinabishana. Moja ilisema: kitu kilichoanikwa hakizidi. Nyengine ilisema: Suzana analipa kwa kilo. Sauti ya pili ilikuwa na mapafu makubwa zaidi. Akatoa bati ishirini na tisa. Zilibaki kilo hamsini na sita zisizofika bati, na Bi Kazija akamwambia azichukue tu.

Fundi Jaribu alikuwa ameshapanda juu ya kenchi tangu saa moja asubuhi, misumari mdomoni. Bati ya kwanza ilipigiliwa kabla lori halijawasha moto.

Chake Chake, Injinia Suzana alimpokea mlangoni mwa jumba, akaweka meza, chupa, na mzani mdogo wa kupimia gramu. Safari hii Abdulnasir aliamua kutazama, kwa kuwa mtu hupenda kutazama akisifiwa.

"Hii ni asidi," alisema Suzana. "Dukani inakuja kali, moli kumi katika lita moja. Mimi nimechukua sehemu moja nikaitia kwenye maji mpaka zikafika kumi. Sasa ni moli moja kwa lita."

Abdulnasir akachangamka. "Kumbe na wewe unazimua!"

"Nazimua, kaka. Halafu naandika kwenye chupa."

Akapima gramu tatu nukta saba za unga, akautia kwenye bilauri na maji kidogo na tone la rangi ya kipimo, akaanza kudondosha asidi kutoka kwenye mrija wenye alama. Unga ukatoa povu. Ukatoa povu jingi, kama soda iliyotikiswa.

"Unachemka vizuri," alisema Abdulnasir.

Suzana aliinamia mrija. Alidondosha polepole, akisubiri povu litulie kila mara, mpaka unga ukaisha wote na rangi ya kipimo ikageuka. Akasoma alama.

"Sabini na nne na ushei."

"Alhamdulillahi!" Abdulnasir alipiga makofi. "Si nilikwambia? Sabini na nne! Ndiyo yenyewe! Namba hiyo naijua tangu kidato cha tatu!"

"Unashukuru nini?"

"Sabini na nne, Injinia. Chokaa iliyozimwa."

"Hizi ni mililita," alisema Suzana. "Chokaa iliyozimwa, gramu tatu nukta saba, ni nusu ya moja ya kumi ya moli. Kila moli ya chokaa hula moli mbili za asidi. Kwa hiyo ingekunywa moja ya kumi ya moli, na kwa ukolezi huu hiyo ni mililita mia kamili, bila povu. Mzigo wako wa kwanza ulikunywa tisini na nane. Huu umekunywa sabini na nne, na umetoa gesi. Kinachofanya hivyo ni kimoja. Umeniletea mawe ya unga."

"Haiwezekani. Nimeona kwa macho yangu yakichomwa! Nimeona yakizimwa! Nimeyaona yameanikwa!"

Suzana aliweka mrija chini. "Yameanikwa?"

"Miezi mitatu unusu."

"Nyembamba?"

"Kama karafuu."

"Yakigeuzwa?"

"Kila asubuhi. Mpaka hewa iingie kila punje."

Suzana alivua kofia yake ya manjano, akaishika mbele ya tumbo, kama watu wafanyavyo jeneza likipita.

"Kaka Abdulnasir," alisema, "nani aliyekushauri?"

Halafu akamweleza mstari wa tatu. Ile gesi iliyofukuzwa na moto, gramu arobaini na nne kwa kila mia, haipotei, imejaa hewani. Chokaa iliyozimwa ikiachwa wazi inaivuta taratibu, inaitema ile kumi na nane ya maji, na sabini na nne inakuwa mia. Inarudi jiwe. Ndiyo maana wazee waliilaza chini ya maji: ili hewa isiione. Na ndiyo maana inashika ukutani. Inageuka jiwe ikiwa imeshapakwa. Hii imegeuka kabla.

"Kwa hiyo nimenunua..."

"Mawe. Karibu tani mbili."

"Walichimba tani mbili," alisema Abdulnasir kwa sauti ndogo.

"Basi hawakukupunja," alisema Suzana. "Peleka mbali, geti hili linafungwa saa kumi."

---

Aliingia Micheweni siku ya tatu, na mvua. Maji yalikuwa yanateremka juu ya bati arobaini kwa kishindo ambacho ilibidi watu wapigiane kelele, yanaingia kwenye mfereji, yanatumbukia birikani. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kutazama shimo linajaa.

"Bi Kazija! Umeniuzia mawe!"

"Nimekuuzia ulichoandika."

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini hukunambia? Mtu mzima, mswalihina, unanyamaza!"

"Wewe ulijua maji yana uzito," alisema Bi Kazija. "Ulinambia siku gani? Ulinambia yanaozesha. Injinia wako alipita hapa mwezi wa Novemba kututazama tanuu, akatushukuru kwa kilo mia saba thelathini na tano. Sisi tulikuuzia mia tano hamsini na sita. Nikamwambia ahsante, karibu tena. Halafu nikakaa kukungoja. Nilikwambia tuilaze majini, baba. Nilikwambia karafuu hupungua. Sikusema uongo hata mmoja. Ungekubali, ungepata chokaa."

"Umesoma wapi haya?"

"Maabara. Nilikuwa nafuta ubao. Mwalimu huondoka, maandishi hubaki. Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyenikataza kusoma ninachokifuta."

"Nakwenda kwa sheha!"

"Yule pale kwenye foleni," alisema Laila. "Mwenye ndoo ya buluu. Nenda, lakini usivunje foleni, tutakupigia kelele."

Abdulnasir alitazama bati zake. Zilikuwa zimepigiliwa misumari mingi kuliko inavyohitajika.

"Na ule unga nifanye nini?"

"Uchome," alisema Bi Kazija, bila kejeli, kama anayempa mtu njia ya kwenda sokoni. "Tanuu tutakuazima. Kuni zako. Kila kilo mia zitakutolea hamsini na sita. Ukitoka hapo usianike."

Hakuchoma. Anayeuza maji hapendi kununua kuni. Asubuhi iliyofuata binti wa Laila alikwenda skuli kabla ya kengele, kwa mara ya kwanza mwaka huo, akakuta mlango wa darasa bado umefungwa, akakaa kizingitini na daftari lake.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, na ndiyo maana haitaishia hapo. Abdulnasir hakufungwa wala hakutubu. Yuko tena Mtambile wiki hii, amejikunja pembeni ya duka na mizani yake, ananunua pilipili manga, na wenye pilipili hawakuwahi kufuta ubao wa mtu. Wenziwe wako Wete, wako Mkoani, wana mashati yaliyopigwa pasi na namba zinazosomwa kwa sauti. Kemia imo kwenye vitabu vya wanao, imeandikwa kwa lugha isiyo ya mama zao, na wewe unayeijua umekaa nayo kimya kama urithi.

Inuka. Usiseme kesho. Nenda leo, kabla mizani haijashushwa, ukasimame hatua moja kutoka kwa mnunuzi wa kijijini kwako, umuulize mbele za watu: namba hii umeipata wapi, inatoka kwenye nini, inakwenda kwenye nini? Akijibu "Ulaya", kaa hapo hapo. Usiondoke mpaka aandike.